Sikukubali Kuwa Mgeni wa Mwanangu

Dervla alianguka kutoka ukutani akatanguliza uso. Haukuwa ukuta mrefu, ni ule wa mawe uliotenga bustani yetu na kuku wa jirani, lakini mtoto wa miaka sita akipiga uso kwenye changarawe iliyoganda kwa baridi ya Januari, ufupi wa ukuta haumsaidii kitu. Nilisikia ukelele kabla sijamwona. Nikatoka jikoni na unga mikononi, nikamzoa, nikaketi naye kizingitini, damu inamchuruzika puani na mdomo wa juu umeshaanza kuvimba, nikafungua kinywa nimbembeleze.

Kinywa kikabaki wazi.

Si kwamba maneno hayakuwepo. Yalijaa kooni, yale yale mama yangu aliyonibembelezea mimi, na mama yake akambembelezea yeye. Lakini yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa kimepigwa marufuku nyumbani kwetu tangu Krismasi. Nikayameza. Nikaanza kupekua kichwa kutafuta Kifaransa, kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani huku mvua inamnyeshea, na nilichokipata ni maneno ya yule dada wa duka la dawa, maana ndiyo niliyozoea kuyasikia.

"Nikusaidie nini, Madam?" nikamwambia mwanangu.

Dervla akaacha kulia. Akanitazama kwa adabu, hivi unavyomtazama muuzaji ukimsubiri akufungie kifurushi chako. Kisha akajipangusa damu kwa mkono wa sweta, akateremka pajani mwangu, akaniambia kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu mara mia, "Si kitu, Mama. Asante."

Asante! Mtoto mdomo umepasuka, anamshukuru mama yake kwa huduma. Nimeshakuwa bibi sasa, nina wajukuu wanaonicheka nikivaa soksi mbili mbili, na nimeshatukanwa na watu wengi, wengine kwa haki kabisa. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama asante ile.

Sisi ni watu wa Leitrim, Ayalandi, mahali penye matope mengi na maneno mengi. Cormac, mume wangu, alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, na kule ndani Bretagne, magharibi ya Ufaransa, ng'ombe ni wengi kuliko wapiga kura. Kampuni moja ilimwita, tukahama, yeye, mimi na Dervla, na Tiernan akiwa bado tumboni. Tulifika na Kifaransa cha kuombea mkate.

Kilichotuponza ni adabu. Kwetu mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Anakukaribisha tena, unakataa tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo unapokea, na wote wawili mnajua tangu mwanzo kwamba kahawa utakunywa. Wiki yetu ya kwanza pale, jirani yetu Bi Soaz, mwenye kuku wale, alinikaribisha kwake, akainua birika. Nikasema hapana, asante. Akalirudisha jikoni! Nikakaa saa nzima namtazama mwanamke anakunywa kahawa peke yake, koo limenikauka, naye wala hana habari. Huku neno la kwanza ndilo neno, na mimi sikuona kwamba hilo lingeweza kunigharimu zaidi ya kikombe.

Basi kabla tu ya Krismasi tukaitwa shuleni. Madam Hascoët, mwalimu wa chekechea, alitukalisha kwenye viti vya watoto, magoti ya Cormac yakamfika kidevuni. Nimejaribu miaka mingi kumkumbuka yule mama kwa ubaya, nimeshindwa. Aliwafunga watoto kamba za viatu kwa mikono yake mwenyewe na aliwajua wote kwa kikohozi. Alituambia Dervla hasemi darasani. Anachora, anakula, anatoka uwanjani anasimama karibu na mlango, lakini neno hatoi. Na ifikapo Juni itabidi iamuliwe kama anapanda darasa la kwanza au anabaki na wadogo.

"Nyumbani mseme Kifaransa tu," akasema. "Kichwa cha mtoto ni kidogo, Madam. Ukimimina vitu viwili, vyote vinamwagika."

Moyoni nilikataa pale pale. Lakini nikafanya alivyonifundisha mama. Nikatabasamu nikasema, "Aa, ndiyo, ndiyo, wazo zuri sana hilo, tunakushukuru, tutalitazama." Cormac naye akaitikia kwa kichwa. Kila mtu wa Leitrim angejua hapo tumekataa. Hata mbwa wa Leitrim angejua. Madam Hascoët akasimama, akatupa mikono yote miwili, macho yanamlengalenga kwa furaha, na kesho yake mkuu wa shule, wapishi wa bwaloni na muuza mikate wote wananipongeza kwa uamuzi wa busara.

"Sasa tufanyeje?" nikamwuliza Cormac. "Twende tukawaambie tulikuwa tunatania?"

"Tujaribu," akasema, hanitazami. "Labda wanajua, Nuala. Wao ndio walimu."

Nikajaribu. Sitaki mtu aseme sikujaribu. Asubuhi namwamsha mtoto kwa Kifaransa changu, na Kifaransa changu kilikuwa hivi: "Dervla, amka, jua amekuja. Meno yako wanataka mswaki. Wapi kiatu mwenzake ya hii?" Cormac ndiyo kabisa, yeye alijua lugha ya nati na mipira ya mashine, basi mezani anamwambia mtoto afunge mdomo kama anavyoagiza bomba lifungwe. Siku za mwanzo Dervla alicheka mpaka akadondosha kijiko, akawa anatusahihisha kama mwalimu mkuu. Nasi tukacheka. Nikasema labda mambo yatakwenda.

Kisha akaacha kutusahihisha. Kisha akaacha kucheka. Zamani alikuwa akirudi shuleni ananifuata jikoni, bafuni, kwenye kamba ya nguo, habari hazimwishi mdomoni, nani kamtapikia nani, nani ana bibi mwenye ndevu. Sasa namwuliza, "Siku ilikuwa nzuri?" ananijibu, "Nzuri." Namwuliza, "Ulikula?" ananijibu, "Nilikula." Anaondoka anakwenda kucheza. Na hata angeniambia, ningemjibu nini? Sikuwa na maneno ya kutania wala ya kufoka. Nilikuwa nimegeuka mgeni wa heshima katika maisha ya mwanangu, mgeni anayepewa kiti kizuri, anasalimiwa vizuri, na hakuna anayemwambia siri ya nyumba.

Tiernan alikuwa na miezi kumi, ameanza kubwabwaja. Nilikuwa nikimchukua nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuni, nambembeleza kwa Kiingereza chini chini, jicho mlangoni, kama mtu anayeuza gongo. Mama mzima, na mtoto wangu wa kumzaa!

Ijumaa moja, siku chache baada ya Dervla kuanguka, nikaenda kumlilia Bi Soaz. Alikuwa mbele ya chuma chake cha duara, anatandaza chapati nyembamba za unga mweusi kwa kijiti, moshi wa siagi umejaa jikoni. Kitandani, kwenye chumba cha pili mlango ukiwa wazi, alilala mumewe, Mzee Lom. Kiharusi kilimpiga wakati wa kuvuna mahindi, kikampooza upande mmoja na kikamwondolea Kifaransa chote. Kilimbakizia Kibretoni, lugha aliyozaliwa nayo, basi. Wauguzi walipokuja kumwogesha, Bi Soaz alisimama katikati kama mkalimani wa mahakama.

Nilitegemea anionee huruma. Hakunionea.

"Usinimwagie machozi kwenye unga, wewe," akasema. "Unalia nini? Mimi nilifika shuleni sijui hata kuomba ruhusa ya choo kwa Kifaransa. Ukikamatwa unasema Kibretoni, unavishwa shingoni kipande cha mtalawanda, kile kiatu cha mti, kimefungwa kamba. Unatembea nacho mpaka umnase mwenzako naye kateleza, umvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni, ni viboko. Basi mchana kutwa tunawindana."

"Mungu wangu."

"Mungu wako nini! Nilichapwa, nikajua. Na nikaapa wanangu hawatavishwa. Mimi na Lom tuliongea Kibretoni sisi wawili, na ng'ombe. Watoto, Kifaransa tu, hata wakiwa na homa. Wamefika! Mmoja mfamasia, mmoja mwalimu, mmoja yuko Paris anavaa tai." Akaipindua chapati. "Haya, kula. Au unataka nikukaribishe mara tatu?"

Nikala. Sikumwambia kwamba kwetu kisa hicho kipo vilevile, kwamba bibi wa bibi yangu alitundikwa kijiti shingoni kwa kusema Kiayalandi, na kila neno la Kiayalandi lililomtoka likakatwa alama kwenye kijiti, apigwe kwa hesabu yake. Ndiyo, hicho Kiingereza nilichokuwa nakililia kiliingia kwetu kwa fimbo. Najua. Walishanicheka watu wengi kwa hilo. Nawajibu hivi, kwamba mimi sikuulizwa ninyonye nini, nilinyonya kilichokuwepo, na ndicho kilichonikuza, na ndicho ninachoweza kumpa mtoto kikiwa cha moto. Anayetaka kunicheka na aendelee kucheka.

Februari, Jumapili, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bi Soaz aliniomba nikae na Mzee Lom akaimbe kanisani, nikaenda na Tiernan mgongoni. Mzee alikuwa macho, ameegemea mito. Tulikuwa tumezoeana bila maneno, mimi namnywesha mtindi kwa kijiko, yeye anamkonyeza mtoto kwa jicho lake zima. Mara gari likasimama nje, akaingia Goulven, yule mwana wao mfamasia, kutoka mjini Rennes, na sanduku la keki limening'inia kwenye kidole. Mtu mzima, mvi zimeshamwingia masharubuni.

Akainama akambusu baba yake, akavuta kiti. Mzee Lom akaanza kusema. Alisema taratibu, kwa taabu, mdomo umekwenda upande, na mkono wake mzuri ukashika mkono wa koti la mwanawe.

"Ndiyo, Baba," Goulven akajibu kwa Kifaransa. "Ndiyo, ndiyo."

Mzee akarudia. Akauvuta ule mkono wa koti.

"Unataka maji?" Goulven akaleta maji. Mzee akasukuma glasi. "Unataka kukaa vizuri?" Akamwinua kwenye mito. Mzee akapiga godoro kwa ngumi, akasema lile lile, sauti imepanda. Goulven akanigeukia, uso umemshuka kwa aibu. "Anasema nini?"

"Sijui," nikasema. "Sijui Kibretoni."

"Hata mimi," akasema. Mtu wa miaka hamsini, yuko kwenye chumba alichozaliwa. "Najua salamu. Na kumwita mbwa."

Akamfungulia keki. Akafunga dirisha, akalifungua. Ukisimuliwa unaona ni jambo rahisi, lakini pale, na yule mzee anafoka, hatukuwa na akili hata kidogo. Mwishowe Mzee Lom akaacha kusema. Akageuza uso ukutani, machozi yakawa yanamtoka kwa lile jicho moja, yanaingia sikioni, na Goulven anasema tu, "Ndiyo, Baba, ndiyo," anamkubalia asichokijua.

Ndipo Bi Soaz akaingia, anakung'uta mwavuli. Akamwinamia mumewe. Akasikiliza. Akamgeukia mwanawe.

"Anasema koti lako limelowa. Livue, utapata kichomi."

Goulven akasimama, akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango. Akarudi akakaa na shati lake. Mzee Lom akamtazama, akaridhika, akafumba macho.

Bi Soaz aliona nilivyokuwa namtazama. "Usinitazame hivyo," akaniambia kwa ukali. "Hebu chukua mtoto wako uende kwako."

Nilikwenda. Nilivuka bustani kwenye mvua, nimekanyaga kila dimbwi, na moyoni sikuwa na huzuni hata chembe, nilikuwa na hasira. Nilimwona Cormac kazeeka, amelala, na Dervla ana mvi, anamletea maji. Nilijiona mimi mwenyewe ndani ya mito ile, nasema neno moja la huruma mara mia, na mwanangu ananijibu ndiyo, Mama, asante. Nikasema moyoni, thubutu. Yeyote atakayekuja kunitaka hilo, mwalimu, daktari, rais wa Ufaransa na kofia yake, thubutu yao.

Dervla alikuwa mezani anachora, baba yake ndiyo kwanza ameitwa shambani. Nikamkalisha Tiernan na kijiko chake, nikakaa mbele yake na maji yananidondoka.

"Dervla," nikamwambia kwa Kiingereza, "mpenzi wangu, roho yangu, mjukuu wa walevi wa Leitrim, mama yako amekuwa mjinga, na ujinga umekwisha leo."

Penseli ikasimama. Akatazama mlangoni kama baba yake yupo. Kisha akaninong'oneza, kwa Kiingereza, "Tumeruhusiwa?"

"Tumejiruhusu."

Lo! Mngemsikia. Ilikuwa kama bomba lililopasuka. Alinieleza bwalo lenye jibini inayonuka soksi, na msichana aliyekula gundi, na kwamba ile siku ya ukutani alipanda ili aone kama kuku wana masikio. Nikamwuliza, na kwa nini darasani husemi? Akanishangaa.

"Madam anauliza vitu anavyovijua," akasema. "Anashika picha ya ng'ombe anauliza huyu nani. Anamjua! Kila mtu anamjua."

Nilicheka nikalala juu ya meza. Cormac akatukuta hivyo, aliporudi kutoka shamba fulani, buti mkononi, amesimama mlangoni kama askari aliyefumania.

"Umesema naye Kiingereza."

"Nimesema naye."

"Tulikubaliana, Nuala."

"Tulikubali kwa adabu, Cormac. Adabu imekwisha."

Akamtoa Dervla chumbani kwa upole, akafunga mlango. Mume wangu si mtu wa makelele, hasira yake yote huwa inakaa kwenye mikono, na mikono ilikuwa imezikaba zile buti. "Mimi nilikaa benchi la nyuma," akasema. "Unalijua hilo benchi? Nilikaa na wale wanaopewa udongo wa kufinyanga wenzao wakisoma. Hakuna aliyenipigania, hakuna aliyemwambia baba yangu fanya hivi mtoto atoke. Sasa mimi nimeambiwa. Nimeambiwa, halafu nisifanye?"

Sikuwa najua hilo. Miaka minane ya ndoa, sikujua. Nikamsogelea, lakini sikurudi nyuma.

"Atakaa benchi la nyuma mwaka mmoja," nikasema. "Ikibidi, miwili. Nitakaa naye. Lakini sikiliza nilichokiona leo." Nikamweleza habari ya koti. Nilipofika kwenye vifungo akaweka buti chini. "Siku ukilala wewe pale, Cormac, utamwambia nini binti yako? Kaza nati? Badili mpira?"

Akautazama mlango uliofungwa. Tiernan akatupa kijiko chake sakafuni, Cormac akainama akakiokota, akamrudishia, akamwambia kwa Kiingereza cha Leitrim, kizito kama udongo wake, "Shika, mhuni wewe."

Jumatatu tukaenda shuleni. Yeye alikuja shingo upande, lakini alikuja. Madam Hascoët akatupokea kwa bashasha, akatuvutia vile viti vidogo. Sikukaa.

"Madam," nikasema, "hapana."

Akasubiri. Alidhani kuna sentensi inakuja. Nami nilihisi mdomo wangu wote unataka kuongeza, samahani, unisamehe, labda, tutaona, maneno yote ya mama yangu yamepanga foleni. Nikayafungia.

"Hapana nini, Madam?"

"Hapana Kifaransa nyumbani," nikasema kwa Kifaransa changu kilichovunjika miguu. "Kifaransa iko hapa kwenu. Mtoto atachukua yote, yangu ruhusa. Lakini nyumbani iko mama. Mama yake hapana kubadilishwa."

Uso ukamwiva. "Mlinikubalia. Nimewaambia wote."

"Ndiyo. Kosa yetu. Leo hapana."

"Nafikiria mtoto," akasema, na alikuwa anasema kweli, ndiyo maana ilikuwa ngumu. "Ninyi mnafikiria mlikotoka. Kwa hali hii siwezi kuwaahidi chochote Juni."

"Usiahidi," nikamwambia.

Akamtazama Cormac, kama wanavyofanya watu wanapotafuta mwenye akili kati ya mume na mke. Cormac akavua kofia, akaikunja, akasema kwa sauti ya chini, "Hapana, Madam." Ningeweza kumbusu pale pale, mbele ya ubao.

Sitawadanganya kwamba tulishinda. Juni ilipofika, wenzake Dervla wakapanda darasa la kwanza na yeye akabaki na wadogo. Walimpungia mkono wakiwa upande wa pili wa uzio, na yeye mrefu kuliko wote aliobaki nao, magoti nje ya meza. Alilia siku nzima. Nililia naye, kwa Kiingereza, nikamwambia ni mimi niliyefanya hivi, si wewe, na nikamwambia kwa nini, na alielewa nusu na nusu akanikasirikia. Kwenye duka la mikate wakaacha kunipongeza. Walinyamaza nikiingia, na nikitoka nasikia, "Yule Mwingereza mkaidi." Mwingereza, mimi wa Leitrim! Na hilo wakaniongezea juu. Kuna usiku niliuliza dari kama nimemkosesha mtoto maisha kwa kiburi changu, na asubuhi nikaamka nikamwamsha kwa lugha yangu, siku zote, bila kuruka hata moja.

Mzee Lom alikufa majira ya kuchipua, kabla ya Juni hiyo. Padri alimzika kwa Kifaransa. Goulven akaja kusimama karibu nami pale makaburini, akaniambia ameanza masomo ya Kibretoni, jioni, Rennes, darasa moja na vijana wenye vipini puani, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kila jaribio. Bi Soaz akamsikia. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Sasa ndiyo unajifunza, mpumbavu?" akamshika mkono, na hakumwachia mpaka getini.

Ilikuwa Oktoba, Jumamosi, siku ya gulio. Dervla alikuwa ameshatimiza saba. Tulikuwa mbele ya kanisa, kati ya muuza jibini na mzee mmoja aliyepanga sungura hai kwenye matundu, na Dervla akataka sungura. Nikamwambia hapana. Akasema atamlisha mwenyewe. Nikamwambia hapana, huyo ni wa sufuria, na kwetu ndani nafasi haipo, twende.

Hakwenda. Akatupa kikapu chini, vitunguu vikabingirika mpaka miguuni mwa watu, akapanua miguu, akapandisha pumzi, na akaniachia. Kwa Kiingereza, sauti ya juu kabisa, kwa lafudhi ya Leitrim, ambako aliondoka bado mdogo, akaniambia kwamba mimi ndiye mama mbaya kuliko wote waliopata kuzaa, kwamba nina roho ya jiwe la kaburi, kwamba mikate yangu haiumuki na uso wangu ndio unaoichachusha, kwamba alibaki na watoto wachanga kwa ajili yangu na sasa namnyima hata sungura, kwamba akikua atahamia kwa mtu mwingine, na nikizeeka hatakuja kunitazama, na atamwambia Tiernan naye asije.

Gulio zima likageuka. Muuza jibini akabaki na kisu hewani. Na kutoka nyuma yake, na mfuko wa tufaha mkononi, akatokea Madam Hascoët, ambaye katika miaka miwili hakuwahi kumsikia mtoto huyu akisema maneno matano yakifuatana. Akaja mbio, ameshika kifua.

"Madam! Mtoto kapatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu," nikamwambia. "Ananigombeza."

"Kwa jambo gani?"

"Kwa mambo yote."

Akamtazama Dervla, akanitazama mimi, na sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alirudi nyuma hatua, akaanza kuokota vitunguu.

Dervla alikuwa amesimama kuvuta pumzi, mashavu mekundu, anatweta. Nikachutama mbele yake katikati ya watu.

"Endelea," nikamwambia. "Umefika kwa Tiernan."